Kufuli, Bawabu na Hukumu ya Kifo: Wizi wa Mali katika Vitongoji vya Nairobi

(Hotuba ya wakili wa Mahakama Kuu mbele ya semina ya wanamageuzi na waumini. Inachapishwa jinsi ilivyotolewa, ila salamu zimefupishwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya wizi. Huenda baadhi yenu mnajiuliza watu wanaopigania mageuzi wana haja gani na wezi wa kuku, nguo na simu. Nitawajibu upesi. Sijahudhuria mkutano wa haki za binadamu katika vitongoji hivi bila mtu kusimama, aghalabu kutoka viti vya nyuma kabisa, na kuuliza: "Wakili, hizo haki mnazozitetea, si ni haki za wezi?" Na mara nyingi aulizaye ni mama aliyevunjiwa nyumba juma lililopita, au kijana aliyenyang'anywa pikipiki ambayo mkopo wake bado anaulipa. Watu hawa hawana nia mbaya. Wana uchungu. Mwanamageuzi asiyeweza kuwajibu kwa heshima na kwa ukweli atajikuta amesimama peke yake siku polisi watakapompiga risasi mtoto wa jirani na mtaa mzima ukashangilia. Kwa hiyo swali la yule mama ndilo nililokuja kulijibu, na jibu lake haliwezi kuwa fupi, maana lazima tuanze mbali.

Nairobi ilianza mwaka 1899 ikiwa kituo cha reli. Haikuchukua muda mrefu kabla ya mji kugawanywa kwa rangi: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini, Wahindi Ngara na Parklands, na Waafrika upande wa mashariki, kuanzia Pumwani hadi Shauri Moyo, Kaloleni na Bahati. Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia mjini; alikuja kufanya kazi, na kazi ikiisha arudi kwao. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alivishwa kipande shingoni. Asiyekuwa nacho, au aliyekuwa nacho lakini hana mwajiri, aliingia katika kundi la wazururaji, na mzururaji alikamatwa hata kama hakugusa mali ya mtu. Nawaomba mlizingatie hili. Tangu siku za mwanzo, ulinzi wa mali katika mji huu haukuwa tu juu ya nani ameiba nini. Ulikuwa juu ya nani ana ruhusa ya kuonekana wapi na saa ngapi. Mwenye nyumba alilindwa, na asiye na nyumba alishukiwa.

Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, majeshi na polisi waliuzingira mji wakakamata watu kwa makumi ya maelfu na kuwapeleka vizuizini. Wazee waliokuwa watoto wakati huo bado wanasimulia. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini Sheria ya Uzururaji ilibaki katika vitabu vyetu. Iliondolewa mwaka 1997 tu, katika yale mapatano ya wabunge wa vyama yaliyojulikana kama IPPG, pamoja na kupunguzwa kwa mamlaka ya machifu. Miaka 34 ya uhuru ilipita huku mtu akiweza kufungwa kwa kosa la kutokuwa na mahali pa kulala! Na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Askari wa jiji, hata hivyo, bado wanajua njia nyingine za kumpakia kijana garini.

Sasa tuje kwenye vitongoji vyenyewe. Sensa ya mwaka 1969 iliwahesabu wakazi wa Nairobi kuwa 509,286. Mwaka 1989 walikuwa 1,324,570. Mwaka 2009 walikuwa 3,138,369, na mwaka 2019 walifika 4,397,073. Mtaa kama Buruburu ulipojengwa katika miaka ya 1970, nyumba zilipangwa kuzunguka viwanja vya pamoja, watoto wakicheza katikati na ua ukiwa ni wa majani. Piteni leo muone. Ua wa majani uliondoka, ukaja ukuta wa mawe. Juu ya ukuta kukapandwa vigae vya chupa, kisha seng'enge, kisha waya wa umeme. Madirisha yakavishwa vyuma, na mlango wa mbao ukapata mwenzake wa chuma. Mwisho kiwanja cha pamoja kikafungwa kwa geti, na bawabu akawekwa ndani ya kibanda. Mtu akitaka kuandika historia ya wizi katika mji wetu bila kutegemea takwimu za polisi, na aandike historia ya madirisha.

Wizi wenyewe nao ulibadilika sura. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, malalamiko makubwa yalikuwa juu ya nyumba kuvunjwa, nguo kuanuliwa kambani na redio kuchukuliwa. Kisha yakaja magenge yenye silaha. Hapo ndipo Bunge, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilipoamua kwamba unyang'anyi wa mabavu uadhibiwe kwa kifo. Nitarudi kwenye sheria hiyo, maana ndiyo kiini cha yote. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Somalia mwaka 1991, bunduki zilipatikana kwa urahisi zaidi katika eneo letu lote, na miaka ya 1990 ikawa miaka ya kutekwa magari. Mtu alisimama nje ya geti lake akipiga honi, na kabla bawabu hajafungua, bastola ilikuwa tayari kichwani. Vijana wa leo husikia majina ya Wanugu, Wacucu na Rasta kama majina ya hadithi. Walikuwa watu. Waliua na kupora, nao wakauawa na polisi katikati ya miaka ile, na magazeti yakachapisha picha. Hakuna aliyefikishwa mahakamani akasema nani alimuuzia silaha, nani alimnunulia mali, na ni askari gani aliyekuwa akimpa habari. Walizikwa na majibu yetu.

Machi 2007 ilikuja M-Pesa. Wahubiri mliopo hapa mtakumbuka jinsi ilivyokuwa zamani: mwisho wa mwezi mfanyakazi alibeba mshahara mfukoni kutoka Industrial Area hadi Kayole, na fedha za chama cha akina mama zililala katika mkebe chini ya kitanda cha mweka hazina. Mwizi aliijua tarehe kama mfanyakazi alivyoijua. Pesa zilipohamia kwenye simu, mwizi alizifuata huko huko. Simu ikawa ndiyo mfuko, na mnyang'anyi wa siku hizi hutaka namba ya siri kabla hajataka saa ya mkononi. Na kuna mwingine asiyekuja kabisa: hukupigia akijifanya mtumishi wa kampuni, na baada ya dakika tano laini yako imesajiliwa upya kwa jina la mtu usiyemjua. Huyu hana panga. Sheria ya kifo haimhusu hata kidogo, ingawa aweza kumaliza akiba ya kikundi kizima.

Bwana Mwenyekiti, watu hupenda kuuliza: je, wizi umezidi au umepungua? Hapa naomba mnivumilie, maana kuna mtego.

Takwimu za Serikali zinasema makosa yote yaliyoripotiwa kwa polisi nchini mwaka 2019 yalikuwa 93,411. Mwaka 2020 yalikuwa 69,645. Mwaka 2022 yalikuwa 88,083, na mwaka 2023 yakapanda hadi 104,842. Tuchukue mwaka 2019, ambao pia ulikuwa mwaka wa sensa. Wakenya tulikuwa 47,564,296. Gawanyeni, mtapata makosa chini kidogo ya 200 kwa kila watu 100,000, na hayo ni makosa ya kila aina, ugomvi wa baa ukiwemo. Mwaka huo huo, Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilihesabu makosa ya mali peke yake, yaani wizi, uvunjaji wa nyumba na wizi wa magari, kuwa kama 2,110 kwa kila watu 100,000. Je, Mkenya ni mwaminifu mara kumi kuliko Mmarekani? Ningependa iwe hivyo, lakini mimi hufunga gari langu kila ninapoteremka, na nyinyi pia.

Kinachotofautiana ni kuripoti. Kule, aliyeibiwa ana bima, na bima haitalipa bila karatasi ya polisi. Hata hivyo Wamarekani hawakuridhika na hesabu ya polisi. Tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakizigongea kaya milango na kuuliza moja kwa moja: umeibiwa? uliripoti? Na jibu la mwaka 2019 lilikuwa kwamba ni kama thuluthi moja tu ya makosa ya mali yaliyofika kwa polisi. Lakini kwa kuwa hupima kwa njia zote mbili kila mwaka, wanaweza kusema bila kubahatisha kwamba wizi nchini mwao umepungua kwa zaidi ya nusu tangu mwanzo wa miaka ya 1990, ingawa wananchi wengi huko huamini kila mwaka kwamba unazidi.

Sisi tulijaribu mara moja jijini Nairobi, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Zaidi ya thuluthi moja ya walioulizwa walisema walinyang'anywa mali katika muda wa mwaka mmoja. Wekeni matokeo hayo kando ya vitabu vya polisi vya miaka ile, nanyi mtaona kwamba vitabu hivyo havipimi wizi. Vinapima imani. Vinatuonyesha ni wangapi walioona kuna faida ya kutembea hadi kituoni, kusubiri kwenye benchi, kuulizwa "una hakika?", pengine kudokezewa kwamba gari la kituo halina mafuta, na kurudi nyumbani na namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi.

Kwa hiyo tahadharini na furaha ya mwaka 2020. Makosa yaliyoripotiwa yalishuka kwa robo nzima. Ni kweli kwamba kafyu iliyoanza Machi 27 mwaka ule ilimzuia mwizi kutembea usiku. Lakini ilimzuia pia mlalamishi. Aliyevunjiwa duka saa mbili za usiku angepitaje barabarani kwenda kituoni, ilhali wale wale anaowaendea ndio waliokuwa barabarani na rungu? Vivyo hivyo, tahadharini na huzuni ya mwaka 2023. Hesabu inapopanda, huenda wezi wameongezeka, na huenda pia watu wameanza kuripoti. Bila uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, wa mara kwa mara, anayewaambia anajua ni lipi kati ya hayo mawili anawauzia kitu. Akiwa ni mwanasiasa, anawauzia hofu.

Jambo moja, hata hivyo, laonekana wazi: wizi umetoka mjini ukahamia pembezoni, pamoja na watu. Kuna miaka katika muongo wa 2010 ambapo kaunti iliyoongoza kwa makosa yaliyoripotiwa haikuwa Nairobi bali Kiambu, ingawa Kiambu ina wakazi wachache zaidi. Chukueni Ruiru. Palikuwa mahali pa kahawa na mkonge. Mwaka 2009 mji wake ulikuwa na wakazi 238,858. Barabara kuu ya Thika ikakamilika mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2019 ikahesabu watu 490,120. Zaidi ya mara mbili katika miaka 10! Mashamba yalikatwa ploti, na ghorofa zikapanda kabla maji taka hayajapata mfereji. Mpangaji huondoka saa kumi na moja alfajiri apate matatu, hurudi saa tatu usiku, na jirani wa mlango wa pili hamjui hata jina. Katika mahali kama hapo, nyumba huvunjwa saa nne za asubuhi, jua likiwaka, na abebaye televisheni ngazini huonekana kama anayehama. Nondo, nyaya na saruji hutoweka katika nyumba zisizokwisha. Na ulinzi wa yote hayo umewekwa mikononi mwa bawabu anayelipwa mshahara mdogo kuliko kodi ya chumba kimoja cha jengo analolilinda, tena mara nyingine hulipwa kwa kuchelewa. Kisha mali ikipotea, wa kwanza kulala rumande ni yeye.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye sheria, kazi yangu ya kila siku.

Kanuni yetu ya Adhabu ilitungwa mwaka 1930, na ukiisoma unaiona nyumba iliyokuwa machoni mwa mtunzi: ni nyumba ya mwenye shamba, mkewe na watoto wamelala, mwizi anakuja gizani. Ndiyo maana kuvunja nyumba usiku adhabu yake ni hadi miaka 10, na mchana ni hadi miaka 7. Usiku wenyewe umepimwa kwa saa, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa wizi wa kawaida ni miaka 3. Lakini ukiiba ndani ya nyumba ya mtu kitu chenye thamani ya zaidi ya shilingi 100, kifungu cha 279 chasema hadi miaka 14. Shilingi 100! Zamani huo ulikuwa mshahara. Leo ni mkate mmoja na chenji kidogo. Kifungu cha 278 kinampa miaka 14 aliyeiba mbuzi, ngamia, nguruwe au hata mbuni. Na kifungu cha 280, kinachomhusu mtumishi wa Serikali aliyeiba mali ya Serikali, kinatoa miaka 7. Haki itendeke, nakiri kwamba sheria ya mwaka 2003 ya kupambana na ufisadi imeongeza adhabu nyingine juu ya hiyo. Lakini vifungu hivyo viwili bado vimekaa ukurasa mmoja, mbuzi juu ya hazina ya taifa, na hakuna Bunge lililoona haya.

Mbaya kuliko vyote ni kifungu cha 296, sehemu ya pili. Watu wengi hudhani unyang'anyi wa mabavu ni bunduki na damu. Sivyo. Kwa maneno ya sheria, anayenyang'anya ananyongwa iwapo alikuwa na silaha, AU alikuwa na mwenzake mmoja au zaidi, AU alimjeruhi au kumpiga mtu. Moja kati ya hayo latosha. Vijana wawili wa miaka 19 wakimsukuma mtu kwenye kituo cha matatu wakatoroka na simu ya shilingi 5,000, hati ya mashtaka yaweza kuandikwa kwa kifungu hicho. Nimeketi na mama aliyesomewa hati kama hiyo, naye akaniuliza kama karani amekosea kuandika. Jaribio la kosa hilo nalo ni kifo, kwa kifungu cha 297, ingawa kifungu kingine cha Kanuni hiyo hiyo chasema jaribio la kosa lenye adhabu ya kifo lisizidi miaka 7. Mwaka 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitamka kwamba vifungu hivi havikuandikwa kwa usahihi unaotakiwa na Katiba.

Nchi hii haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Lakini tumeendelea kuwahukumu. Ilipofika Agosti 2009, waliokuwa wakisubiri kitanzi walizidi 4,000, na wengi wao hawakuua mtu; walihukumiwa kwa unyang'anyi. Rais Kibaki aliibadilisha adhabu yao kuwa kifungo cha maisha. Safu hiyo ikajaa tena, na Oktoba 2016 Rais Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa watu 2,747. Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kumsikiliza mshtakiwa juu ya adhabu ni kinyume cha Katiba. Magereza yaliimba usiku ule. Lakini Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la kuua kwa kukusudia pekee. Hivyo aliyemuua jirani yake hupata nafasi ya kueleza maisha yake mbele ya jaji kabla ya adhabu, ilhali aliyepora simu akiwa na mwenzake bado yuko chini ya sheria isiyomwachia hakimu hiari. Hilo si jambo la kusubiri mahakama. Ni jambo la wabunge wetu, nao wana ofisi na namba za simu.

Je, ukali huu wa miaka 50 umetupunguzia wizi? Yule mama wa viti vya nyuma anajua jibu kuliko mimi. Mwizi hapimi uzito wa adhabu. Hupima uwezekano wa kukamatwa. Na juu ya hilo, tazameni upande ambao hatuutazami: soko. Wenye magari Nairobi hutaniana kwamba ukiibiwa kioo cha pembeni jioni, asubuhi utakinunua Grogan. Tunacheka, kisha tunakwenda kununua. Simu ya nusu bei isiyo na sanduku wala risiti, tunajua ilikotoka. Kifungu cha 322 kinamtoza anayepokea mali ya wizi hadi miaka 14, zaidi ya mara nne ya aliyeiba wizi wa kawaida, maana mtunzi alielewa kwamba bila mnunuzi mwizi hana kazi. Lakini katika mahakama za vitongoji, kwa kila mfanyabiashara wa mali ya wizi niliyemwona kizimbani, nimewaona vijana wengi sana walioiba. Mfanyabiashara ana duka, ana wakili, na pengine ana rafiki kituoni. Mageuzi ya polisi tunayoyadai yaanzie hapo pia: mpelelezi aulizwe mali ilikwenda kwa nani.

Kisha kuna tairi. Nisiseme kwa mafumbo mbele ya waumini. Katika mitaa hii watu huchomwa moto. Mtu mmoja hupiga kelele "mwizi!" na dakika chache baadaye hakuna wa kuulizwa kama kweli aliiba. Wapo waliouawa kwa kufanana na mtu. Wapo waliouawa kwa sababu mdai wao alijua neno gani la kupaza. Na bunduki ya polisi ni dada ya tairi. Mwaka 2009 mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Profesa Philip Alston, alikuja hapa akachunguza, akasema polisi wetu huua washukiwa mara kwa mara bila kuwajibishwa. Machi mwaka huo huo, Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, waliokuwa wakikusanya ushahidi wa mauaji hayo, walipigwa risasi barabarani Nairobi wakiwa garini. Anayewashangilia polisi kwa kumuua mwizi leo hawezi kuchagua watakayemuua kesho. Juni 2016 waliokufa walikuwa mwenzetu wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri. Walikuwa wakitoka mahakamani Mavoko, na kosa la mteja lilikuwa kumshitaki afisa wa polisi.

Basi yule mama aniulizapo kama natetea haki za wezi, humjibu hivi: Mama, mali yako inalindwa na Kifungu cha 40 cha Katiba, na uhai wa yule kijana unalindwa na Kifungu cha 26, na wote wawili mnahitaji polisi mmoja, yule anayepeleleza. Polisi anayefyatua risasi hakurudishii televisheni. Jalada la upelelezi analofungua likifika kwa hakimu, laweza kukurudishia.

Dakika zangu zinakwisha, nami sitaki muondoke bila jambo la kufanya kwa mikono. Mwaka 2013 tuliletewa mpango wa Nyumba Kumi, ulioigwa kutoka kwa jirani zetu wa Tanzania. Mahali pengine umekuwa masikio ya chifu tu. Lakini Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 inataja mamlaka ya polisi katika kila kaunti, yenye wawakilishi wa raia. Ulizeni katika kaunti yenu kama wameteuliwa, ni akina nani, na walikutana lini mara ya mwisho.

Ripotini. Hata kama mnajua mali haitapatikana, ingieni kituoni, mwandikiwe katika kitabu cha matukio, mtoke na namba. Parokia au usharika waweza kuweka daftari lake: tarehe, saa, mtaa, kilichoibwa, kama iliripotiwa, polisi walifanya nini. Msiandike majina ya mnaowashuku. Hilo si daftari la kuchomea watu. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na hesabu ambayo hata kamanda wa kaunti hana, nanyi mtazungumza naye mkiwa na kitu mkononi.

Na juu ya wanaokamatwa. Kifungu cha 49 cha Katiba chataka afikishwe kortini katika muda wa saa 24, au ikiwa muda huo unaishia nje ya saa za mahakama, mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Tangu mwaka 2010 kila kosa lina dhamana, hata unyang'anyi wa mabavu, isipokuwa pawepo sababu nzito. Dhamana ya kituo cha polisi ya maandishi hailipiwi. Ukilipa fedha taslimu, dai risiti. Kwa wizi mdogo, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamwezesha hakimu kumpa mkosaji kazi ya kufanya mtaani badala ya kumtupa Industrial Area, anakotoka na walimu wapya. Mahakimu huniambia kwamba wangeitumia zaidi kama kungekuwa na mtu wa kumpokea kijana na kumsimamia. Shule zenu zina kuta za kupaka rangi, na kliniki zenu zina nyasi za kukata. Mwandikieni afisa wa urekebishaji wa eneo lenu mumwambie mko tayari.

Na atakayekubali kusimama mdhamini aje na kitambulisho chake cha asili pamoja na nakala mbili, barua ya chifu au ya mwajiri, na hati ya mali kama imetakiwa. Tena afike kabla ya saa tatu, maana faili ikishapita kwa hakimu asubuhi, kijana hulala ndani usiku mwingine.